Kuandika ukoo wa mzee asiye na cheti: mwongozo kwa wanandoa wanaotumikia Kanda ya Ziwa

Wanandoa wastaafu kutoka Misungwi wameitwa kutumikia kama sisi, kwenye huduma ya historia ya familia ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Walikuja nyumbani, hapa Mwanza, na swali moja: mzee hana karatasi hata moja, tunaanzia wapi? Tulikaa nao hadi jioni, na mume wangu akaniambia niyaandike ili na wengine wayapate. Mimi ni mkunga mstaafu, yeye alikuwa karani wa ushirika wa pamba. Tunamsaidia yeyote anayetaka kuujua ukoo wake, awe wa kanisa letu, Mkatoliki, wa AIC (Africa Inland Church) au Mwislamu.

Jambo ninalotaka mlishike kabla ya yote: mti wa ukoo kwenye intaneti unaweza kusubiri, mzee hawezi. Anzeni na sauti yake. Karatasi zifuate, na kompyuta iwe ya mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Nendeni wawili, mkakae mbalimbali

Faida ya kuitwa mke na mume ni hii. Mume wangu hukaa na babu chini ya mwembe, mimi naingia jikoni kwa bibi. Msiwahoji pamoja siku ya kwanza. Bibi hawezi kutaja ndoa yake ya kwanza, wala mtoto aliyemwacha kwao, huku mumewe au mkwewe anasikiliza. Na bibi ndiye anayejua ukoo wa upande wa kikeni, ambao babu huuruka kwa neno moja, "hao walitoka Ukerewe." Mkirudi nyumbani, linganisheni madaftari yenu mezani.

Mwambieni mzee wazi mnatumwa na kanisa gani. Mtaulizwa kuhusu ubatizo kwa ajili ya wafu, yaani mtu aliye hai kubatizwa hekaluni kwa niaba ya marehemu, nanyi jibuni bila kuzunguka: muumini wetu huomba ibada za hekaluni kwa ajili ya ndugu zake mwenyewe, na kwa marehemu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita lazima ndugu wa karibu aliye hai aridhie. Ninyi mmekuja kumsaidia kuandika, na daftari ni lake.

Vifaa: kaunta buku ya kwaya mbili, penseli, kifutio, na simu ya kurekodi iliyojaa chaji. Kompyuta mpakato iacheni nyumbani. Nimeona wazee wakigeuka kama watu walioitwa ofisini, wanajibu "ndiyo" na "hapana" basi. Fomu zilizochapishwa nazo sizipendi, kwa sababu zina visanduku viwili tu vya wazazi, na ukoo wa huku hautoshi humo.

Hatua ya 2: Rekodini kwanza, ulizeni baadaye

Wekeni simu kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa, karibu na mzee. Mwambieni ataje baba zake kwa kurudi nyuma, kwa lugha yake: Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza. Msimkatize hata akirukaruka. Akimaliza, mrudie naye jina moja moja na kila jina muulize: alikaa wapi, alizikwa wapi?

Hatua ya 3: Kujua nani ni nani

Hapa ndipo kazi ilipo. Hatua nyingine zote mkiziharibu mtazirekebisha kwa siku moja, lakini mkikosea hapa mnaunganisha watu wawili kuwa mmoja, au mnampa mtoto baba asiye wake, na kosa linaingia kwenye mti ambao watu wengine nao wanautumia.

Kwanza, neno baba. Ukiuliza "baba yako nani?" mzee anaweza kukutajia baba mkubwa aliyemlea, na hajakudanganya. Ulizeni "aliyekuzaa ni nani?" kisha "aliyekulea ni nani?" na muwaandike wote wawili. Kwa ndugu, ulizeni kama ni tumbo moja. Mzee anaweza kukupa kaka tisa, ukifuatilia matumbo unakuta mama wanne, na wawili kati ya hao kaka ni watoto wa baba mdogo.

Pili, ng'ombe wa mahari. Kwa mila za Kisukuma, ng'ombe wasipotolewa mtoto alihesabiwa upande wa mama yake, akakua akiitwa kwa jina la babu mzaa mama. Kwa hiyo mkikuta mtu ambaye "baba" yake ana umri wa kumzidi miaka hamsini na kitu, au mtu ambaye baba yake na baba wa mama yake wana jina moja, msiandike haraka. Muulizeni bibi kwa upole, faragha, kama ng'ombe walifika. Wakati mwingine walifika baadaye, mtoto akiwa mkubwa, na jina likabadilika hapo. Vivyo hivyo kwa mjane aliyerithiwa: mtoto aliyezaliwa na ndugu wa marehemu anaweza kuitwa mtoto wa marehemu. Katika daftari tunachora mstari mzima kwa aliyezaa na mstari wa nukta kwa ambaye mtoto anaitwa kwa jina lake. Familia ndiyo itakayoamua upi uingie kwenye mti wa wazi. Kama wanataka jambo libaki ndani ya nyumba, libaki.

Tatu, majina yenyewe. Mtu mmoja wa rika la wazazi wetu anaweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la ubatizo, jina la kwenye stakabadhi ya kodi ya kichwa alivyolisikia karani, na jina alilopewa ngomani, ambalo ndilo kijiji kizima kinalijua. Yaandikeni yote kwenye mstari mmoja. Halafu tumieni majina ya kuzaliwa kama ushahidi, maana yanasema mengi. Kulwa ni pacha wa kwanza, Doto wa pili, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Kashinje alitanguliza miguu. Nyanzala alizaliwa wakati wa njaa, Mabula wakati wa mvua. Mzee akikutajia ndugu zake na Shija yumo, lakini hakuna Kulwa wala Doto, simamisheni penseli. Mimi huuliza taratibu, "Mapacha waliomtangulia Shija, mama aliwapoteza?" Katika kazi yangu nilipokea mapacha wengi waliozaliwa kabla ya wakati, najua jinsi walivyokuwa hawakai. Bibi mmoja kule Magu alinyamaza kidogo, akainua vidole viwili, kisha akaniambia walizikwa nyuma ya nyumba, karibu na mlango, na tangu mama yake afariki hakuna aliyewahi kuwauliza. Watoto hao ni watu wa ukoo. Waandikeni kwa majina yao, kila mmoja na mstari wake.

Nne, msiwaunganishe watu wawili kwa jina peke yake. Masanja mwana wa Mabula wako wengi kuanzia Kwimba mpaka Sengerema. Sisi tunataka vitu vitatu vikubaliane: jina la baba, mahali, na jina la mke au la mama. Vikikubaliana viwili, tunawaacha kama watu wawili na kuweka alama ya kuuliza pembeni. Kwa Wakerewe ulizeni pia ukoo na mwiko wake, yaani mnyama au kitu wasichokila. Watu wawili wenye jina moja na miiko tofauti si mtu mmoja, hata wajukuu waapishane.

Tano, mahali. Kijiji alichotaja mzee huenda hakikai tena watu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha kaya nyingi, na makaburi yakabaki kwenye mahame. Ulizeni jina la mahame, siyo la kijiji cha sasa tu. Ulizeni pia ilikuwa chini ya mtemi yupi na mwanangwa yupi, yaani mkuu wa kijiji aliyekuwa chini ya mtemi, kwa kuwa utemi ulifutwa mwaka 1963 na wazee waliozaliwa kabla ya hapo bado wanapima nchi kwa watemi. Mkikwama na majina ya watemi, nendeni Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, wanazo kumbukumbu zao. Na mipaka ya serikali nayo imehama: Geita ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza hadi ulipoanzishwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Andikeni mahali palivyoitwa wakati ule, na pembeni panavyoitwa leo.

Hatua ya 4: Kupata mwaka

Msiulize "ulizaliwa mwaka gani?" Mtapewa mwaka wa kwenye kitambulisho, na mkiona tarehe 1 Januari au 1 Julai, mara nyingi ni makadirio ya aliyejaza fomu. Tumieni kalenda ya matukio. Ya kwetu imebandikwa ndani ya jalada la daftari: reli kufika Mwanza 1928, Vita vya Pili 1939 hadi 1945, Uhuru Desemba 1961 pamoja na mvua kubwa zilizolijaza ziwa, Azimio la Arusha Februari 1967, ukame na njaa ya 1974, Vita vya Kagera 1978 hadi 1979, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996.

Swali zuri ni la mwili: siku ya Uhuru ulikuwa unafanya nini? Bibi akisema alikuwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni, mtoto huyo alizaliwa 1960 au 1961. Ulizeni kama alipoolewa alikuwa amevunja ungo siku nyingi au ndiyo kwanza. Mkikadiria alizaa akiwa na miaka 17 hadi 20, mama huyo alizaliwa kati ya 1940 na 1944. Andikeni "takriban 1942" na sababu yake. Mwaka usio na sababu pembeni siuamini, hata kama umeandikwa kwa wino.

Hatua ya 5: Vitabu vya parokia

Kwa familia za Kikatoliki kitabu cha ubatizo ni hazina. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita White Fathers, walifika kusini mwa ziwa mwaka 1878 na kufungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, kwa hiyo kuna koo zinazoweza kurudi mbali sana. Aende mjukuu mwenyewe kuomba kwa paroko, ninyi msindikizeni. Msipige picha bila ruhusa.

Angalizo mawili. Aliyebatizwa mtu mzima, tarehe ile ni ya maji, si ya kuzaliwa. Na vitabu vya zamani viliandikwa kwa Kilatini na miezi ikafupishwa: mkiona 7ber ni Septemba, 8ber ni Oktoba, 9ber Novemba, Xber Desemba. Ukisoma 8ber kama Agosti, mtoto anaweza kuonekana amebatizwa kabla hajazaliwa, nanyi mtamaliza siku mkitafuta mtu wa pili ambaye hakuwepo. Someni na maandishi ya pembeni mwa ukurasa, maana humo huandikwa kipaimara na ndoa, na jina la mke na parokia aliyofungia ndoa vinaweza kukupeleka ng'ambo ya ziwa. Siku hizi safari ya Sengerema imekuwa rahisi, tunapita daraja la Kigongo–Busisi.

Waislamu waulizeni waliofungisha nikahi na mashahidi. Mashahidi karibu kila mara ni ndugu.

Hatua ya 6: Kuingiza kwenye FamilySearch

FamilySearch ni tovuti ya kanisa letu ya kuhifadhi mti wa ukoo. Akaunti ni bure na kuifungua ni dakika chache, kijana yeyote wa nyumbani atawasaidia. Jueni mambo mawili tu. Walio hai hawaonekani kwa watu wote, ila marehemu wako kwenye mti mmoja wa dunia nzima na mtu mwingine anaweza kuwarekebisha. Kwa hiyo kwenye kila badiliko jazeni sehemu ya sababu: nani alisema, kijiji gani, tarehe gani. Kabla ya kuongeza mtu, mtafuteni kwanza kwa majina yake yote, pengine binamu aliyeko Dar es Salaam ameshamweka. Mfumo ukiwapendekezea kuwaunganisha watu wawili, rudini kwenye hatua ya 3.

Sauti ya mzee pandisheni kwenye sehemu ya kumbukumbu, ifungwe kwenye jina lake. Fanyeni hivyo mkiwa mjini kwenye intaneti nzuri, siyo kwa bando la mwenyeji.

Hatua ya 7: Kurudisha

Chapeni ukoo kwenye karatasi kubwa, herufi kubwa, mwende nayo kwa mzee na mumsomee kwa sauti. Atasahihisha, na ndugu waliokuja kusikiliza wataongeza watu. Masahihisho yaandikeni papo hapo kwa penseli nyekundu pamoja na tarehe, halafu chapeni upya. Nakala moja ibaki kwa mzee, moja kwa mtoto wa kike mkubwa, moja kwa mjukuu anayeishi mbali. Rekodi iwekeni kwenye memori kadi mpeni mjukuu, muisikilize pale pale kwenye simu yake mhakikishe inafunguka kabla hamjaondoka.