Notsi Zinazokuhoji: Hatua kwa Hatua kwa Mwanachuo wa Mwaka wa Kwanza

Kidato cha sita mwalimu aliandika ubaoni, ninyi mkanukuu. Mwenye mwandiko mzuri alikuwa na notsi nzuri, basi. Chuoni mambo ni mengine: ukumbi umefurika, mhadhiri anaongea Kiingereza saa mbili mfululizo, slaidi zinapita na hasubiriwi mtu. Hata hivyo wengi huendelea kunukuu vilevile. Kwenye semina za mwaka wa kwanza ninazoendesha nakuta madaftari yamejaa, wino wa rangi tatu, vichwa vya habari vimepigiwa mistari kwa rula. Mfungie mwenyewe daftari, mwulize jana mmefundishwa nini, anaangalia dari.

Siwaiti wavivu, wanapiga msuli kweli. Ila daftari linalosimulia tu halikwambii kama umeelewa. Unakuja kujua ndani ya chumba cha UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Daftari linatakiwa likuhoji mapema, ungali na muda wa kurekebisha. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Gawa ukurasa

Mpangilio huu ulienezwa tangu miaka ya 1950 na Walter Pauk, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Chukua kaunta buku au karatasi za A4. Kutoka ukingo wa kushoto pima sentimita 6, shusha mstari wa wima. Chini acha sentimita 5, piga mstari wa mlalo. Upande mpana wa kulia ni wa mhadhara. Safu ya kushoto na kisanduku cha chini usiviguse ukiwa darasani. Juu weka tarehe, kozi na mada.

Piga mistari ya wiki nzima Jumapili jioni. Darasani hutapata nafasi.

Hatua ya 2: Pitia kabla ya kuingia

Dakika kumi zinatosha. Soma vichwa vya slaidi kama vimeshatumwa, au ukurasa wa kwanza wa sura husika, kisha andika maswali mawili ambayo ungependa mhadhiri ayajibu. Kama hukupata muda, ingia hivyohivyo.

Hatua ya 3: Darasani, andika kisichokuwa kwenye slaidi

Slaidi CR (mwakilishi wa darasa) atazitupia kwenye grupu la WhatsApp. Kwa nini uzinakili? Andika vitu ambavyo havitatumwa: mfano alioutoa kwa mdomo, sababu ya jambo, pingamizi alilolitaja na namna alivyolijibu, na kile alichokirudia mara mbili. Mhadhiri akisema "hapa watu wengi hukosea", weka nyota kubwa pembeni. Hiyo ni zawadi.

Tumia vifupisho vyako mwenyewe: *kwsb* kwa sababu, *bk* baada ya kuwa, mshale kwa "husababisha". Lugha usiihofu. Istilahi iache kwa Kiingereza kama ilivyotamkwa, maana ndivyo utakavyoiandika kwenye mtihani. Maelezo yake andika kwa lugha yoyote inayokuja haraka kichwani. Kutafsiri sentensi nzima huku mtu anaendelea kuongea ndiko kunakokupoteza.

Kalamu au laptopu? Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wanaochapa kwenye laptopu huandika maneno ya mhadhiri neno kwa neno, na kwenye maswali ya kuelewa walifanya vibaya kuliko walioandika kwa mkono. Majaribio yaliyofuata hayakupata tofauti kubwa kiasi hicho. Ninavyoona mimi, kinachoharibu ni kunakili bila kufikiri, na hilo hata kalamu inaweza. Kama vidole vyako vina kasi, jizuie. Kuhusu kurekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza, halafu ujiulize lini utapata saa nyingine mbili za kusikiliza.

Hatua ya 4: Siku hiyohiyo, jaza safu ya kushoto

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huacha. Kabla hujalala, soma upande wa kulia, na kando ya kila fungu andika swali ambalo fungu hilo ni jibu lake.

Tuchukue mfano wa mikataba. Wanafunzi wa sheria wote hukutana na kesi ya Uingereza ya Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball, iliyoripotiwa mwaka 1893. Upande wa kulia mwanafunzi ameandika hivi:

*Kampuni → tangazo gazetini: atakayetumia kifaa chetu cha kukinga maradhi mara 3 kwa siku, wiki 2, akaugua influenza, tunampa pauni 100. Tumeweka pauni 1,000 benki, hatutanii. Bi. Carlill katumia, kaugua. Kampuni: (a) porojo za biashara tu (b) huwezi kuingia mkataba na dunia nzima (c) hakutuarifu kuwa kakubali. Mahakama ya Rufani: mlipeni.*

Notsi nzuri kabisa. Sasa kushoto aandike nini? Wengi huandika "Carlill ni kesi gani?" Swali hilo halikupeleki popote, jibu lake ni hadithi. Jaribu haya:

*Pauni 1,000 za benki zilibadilisha nini kwenye hoja (a)?*

*Hoja (b) na (c) zilijibiwaje?*

*Duka la Kariakoo limebandika "nunua viwili, cha tatu bure", umenunua viwili wanakuzungusha. Carlill inakusaidia au la?*

Swali la kwanza linadai sababu, la pili linadai hoja na majibu yake. La tatu linakulazimisha kutumia kanuni mahali papya, na mtihani wa chuo hupenda sana maswali ya namna hiyo. Kila ukurasa uwe na angalau swali moja la aina hii ya tatu. Likikushinda kulitunga, ujue mada yenyewe hujaielewa. Kamuulize mhadhiri au mwenzako kesho yake, usisubiri wiki ya mitihani.

Hatua ya 5: Kisanduku cha chini, kwa lugha mbili

Hatua hii nimeiongeza mwenyewe. Kwenye kisanduku cha chini andika sentensi mbili za Kiswahili zinazoeleza ukurasa mzima, kana kwamba unamweleza mdogo wako aliye kidato cha pili. Chini yake andika sentensi moja ya Kiingereza, ile ambayo ungependa kuiandika kwenye karatasi ya majibu.

Kuna mwanafunzi anayetiririsha maana ya *consideration* (kile ambacho kila upande hutoa katika mkataba) kwa Kiingereza safi, na ukimwambia aeleze kwa Kiswahili anakwama, maana alikariri. Kuna mwingine anaelewa vizuri mno, anafafanua mpaka darasa linamsikiliza, lakini ndani ya mtihani Kiingereza kinamkimbia na muda unamwishia. Wote wawili huangukia sapu, yaani mtihani wa marudio. Sentensi za Kiswahili zinamfichua wa kwanza, ile ya Kiingereza inamfanyisha mazoezi wa pili.

Hatua ya 6: Funika, jibu kwa sauti

Weka karatasi juu ya upande wa kulia, acha maswali tu. Jibu kwa sauti au kwa kuandika, kisha funua ulinganishe. Ulipokosa weka alama.

Utashawishika kusoma tena badala ya kujihoji, kwa sababu kusoma tena kunateleza na kunakupa imani kwamba unajua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine walijaribu kuandika walichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojihoji walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. UE haifanyiki dakika tano baada ya kusoma.

Hatua ya 7: Panga siku za kurudia

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885: usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua. Mada yenye maana haipotei haraka hivyo, lakini mwendo ni uleule. Kwa hiyo rudia mapema, kisha achanisha: kesho yake, siku ya nne, baada ya wiki, baada ya wiki tatu. Tarehe hizo ziandike juu ya ukurasa, uzikate kila unapomaliza. Kurudia kwenyewe hakuzidi dakika kumi kwa ukurasa, maana yale uliyojibu bila kusita unayaruka.

Masomo yenye majina mengi, kama anatomia au famasia, yahamishie kwenye kadi, swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Programu ya Anki ni ya bure kwenye Android na kompyuta (kwenye iPhone inalipiwa) na inakupangia siku yenyewe. Usipakue kadi za mtu mwingine ukaridhika. Kutunga kadi ni nusu ya kujifunza.

Hatua ya 8: Diskasheni

Watu wanne, wasizidi watano. Kila mtu aje na maswali yake ya safu ya kushoto, na anayeeleza daftari lake liwe limefungwa. Asiyejiandaa asikilize siku hiyo, asipewe nafasi ya kuuliza "tuanze wapi?" Mitihani ya miaka iliyopita ifanyeni kwa kuangalia saa, kila mtu kivyake, ndipo mlinganishe majibu.

Kama unasoma hesabu, fizikia au uhasibu

Safu ya kushoto itakusaidia kidogo tu. Chukua mfano uliofanywa darasani, ufunike, uufanye upya kwenye karatasi tupu mpaka mwisho. Ukikwama, funua mstari mmoja tu, funika tena, endelea. Kushoto andika sababu ya kila hatua ngumu: kwa nini alizidisha pande zote mbili, kwa nini uchakavu uliingizwa kabla ya kodi. Kesho yake badilisha tarakimu za swali, ulifanye tena bila kugusa ukurasa wa kwanza.