VIPM, NIPM au GPM: kipi cha mradi wako wa LabVIEW?

LabVIEW ni programu ya NI (National Instruments) ya kuandika msimbo kwa michoro. VIPM (VI Package Manager), NIPM (NI Package Manager) na GPM (G Package Manager) ni vidhibiti vifurushi, yaani programu za kusakinisha na kusimamia vifurushi vya msimbo. Vyote vitatu hutajwa pamoja kana kwamba vinagombea kazi moja. Sivyo. Kabla ya kusakinisha chochote, jiulize msimbo unatakiwa ukae wapi: ndani ya LabVIEW, ndani ya folda ya mradi, au ndani ya Windows yenyewe.

VIPM ya JKI huchukua faili za .vip na kuziweka ndani ya LabVIEW, mara nyingi kwenye folda za vi.lib au user.lib, kisha VI zake (vipande vya programu ya LabVIEW) zinaonekana kwenye paleti, yaani menyu ya kuchagulia vipande hivyo. Ni rahisi sana kutumia, ila LabVIEW moja hubeba toleo moja tu la kifurushi. Ukipandisha toleo kwa ajili ya mradi mpya, mradi wa zamani unaotumia LabVIEW hiyo hiyo nao umeguswa. Kinga yake ni faili ya .vipc: orodhesha kila kifurushi na namba kamili ya toleo, weka vifurushi vyenyewe ndani ya faili hiyo ili intaneti isihitajike, kisha ihifadhi kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) pamoja na mradi. Anayeupokea mradi anaibofya mara mbili, anachagua LabVIEW yake na kusakinisha.

Hitilafu inayosumbua wengi ni VIPM kushindwa kuwasiliana na LabVIEW. Mawasiliano hayo hupitia VI Server, sehemu ya LabVIEW inayopokea amri za programu nyingine, kwa TCP, na poti ya kawaida ni 3363. Ndani ya LabVIEW fungua Tools, Options, VI Server. Washa TCP/IP, na hakikisha localhost (kompyuta yako yenyewe) imo kwenye orodha ya mashine zinazoruhusiwa. Usiweke nyota (*) kwa haraka tu, maana inafungulia mlango kompyuta nyingine za mtandao. Kisha linganisha namba ya poti na ile iliyo kwenye mipangilio ya VIPM. Ukiwa na LabVIEW ya biti 32 na ya biti 64, au matoleo mawili ya miaka tofauti, kila moja ipewe poti yake. Zikishiriki 3363, VIPM inaweza kuzungumza na ile isiyokusudiwa. Kama poti ziko sawa na bado inakwama, ongeza muda wa kusubiri: LabVIEW yenye vifurushi vingi huchelewa kuwaka.

GPM hufuata njia nyingine. Vifurushi hukaa kwenye folda ya gpm_packages ndani ya mradi, na mahitaji yameandikwa kwenye gpackage.json, hivyo miradi miwili inaweza kutumia matoleo tofauti kwenye kompyuta moja. Hatari huja maktaba ile ile ikiwa pia imesakinishwa kwa VIPM. Ndani ya mradi mmoja, LabVIEW haikubali VI mbili zenye jina kamili moja. Iliyotangulia kupakiwa ndiyo inayotumika, na VI zako zinaungwa nayo kimyakimya. Ukiona alama ya mgongano kwenye dirisha la mradi, tumia Resolve Conflicts, uchague njia ya gpm_packages, uhifadhi zote, kisha uondoe nakala ya VIPM.

NIPM ni ya madereva (programu zinazoendesha vifaa), LabVIEW yenyewe, na programu iliyokamilika inayopelekwa kwenye mashine ya mtumiaji kama faili ya .nipkg. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi:

nipkg feed-add C:\vifurushi
nipkg update
nipkg install jina-la-kifurushi

Kosa la kawaida hapa ni kusahau kutaja LabVIEW Runtime (sehemu inayoendesha programu iliyojengwa kwa LabVIEW) kama kitegemezi, na programu inagoma kufunguka kwenye mashine isiyo na LabVIEW. Toleo la Runtime na biti zake vilingane na vya LabVIEW iliyojenga programu.

Ukitengeneza kifurushi chako mwenyewe, kijenge kwa LabVIEW ya zamani kuliko zote unazokusudia kuhudumia, kwa sababu LabVIEW ya zamani haifungui VI iliyohifadhiwa kwa toleo jipya.

Kwenye kompyuta mpya ya kazi, anza na NIPM usakinishe LabVIEW na madereva, iwashe LabVIEW mara moja na kuifunga, ndipo utumie .vipc. GPM ije mwisho, ndani ya folda ya mradi.