Ukinaswa na IGHT kwenye Wordle

Kila asubuhi kwenye daladala nacheza Wordle, mchezo wa mtandaoni wa kukisia neno: neno moja la Kiingereza lenye herufi 5, majaribio 6. Herufi iliyo mahali pake inakuwa kijani, iliyomo ila si mahali pake njano, isiyomo kijivu. Mtego ulionikera miezi mingi ni huu: jaribio la tatu unapata IGHT zote kijani, unashangilia, kumbe imebaki herufi ya kwanza tu. Unajaribu light, siyo. Night, siyo. Might, siyo. Umekwisha!

Usibahatishe moja moja. Hesabu kwanza maneno ya kawaida yanayotosha: eight, fight, light, might, night, right, sight, tight. Manane, na wewe una majaribio matatu.

Sasa andika FILMS. Najua si jibu, na mkono utasita, lakini andika. F ikiwa kijani, jibu ni fight. L ikiwa ya njano, ni light; M ya njano, ni might; S ya njano, ni sight. Umepima manne kwa mpigo mmoja.

Zikibaki kijivu zote nne, andika TREND. Hili nalipenda mno. R ya njano ni right, E ni eight, N ni night. T yenyewe itawaka tu, kwa kuwa imo mwishoni mwa yote. Tazama rangi yake: ikiwa kijani, jibu ni tight.

Jaribio la sita unaandika ukiwa na uhakika. Ila zima ile hali ngumu (Hard Mode, kwenye mipangilio ya mchezo) kabla ya kuanza mchezo, maana inakulazimisha kurudia herufi ulizokwisha kupata, na FILMS itakataliwa.