Jinsi ya kukagua ubongo wa kijusi cha nyani kama uko na kasoro ya kuzaliwa

Vijana mnaokuja atachimenti maabara za huku Kisumu, hii ndio njia mimi hutumia.

Hatua ya 1: Jikinge. Glavu mbili, miwani, na kama ni rhesus (aina ya tumbili wa maabara) usicheze kabisa, hao hubeba virusi vya herpes B, kwao ni vidonda tu vya mdomo lakini kwa binadamu vinapanda mpaka ubongoni na vinaua.

Hatua ya 2: Jua umri wa mimba. Nyani hubeba siku 180 hivi, rhesus kama 165, na ubongo wa kijusi huanza bila mikunjo, mikunjo inakuja baadaye, so ukipata hauna mikunjo na mimba ni changa hiyo si kasoro. Marmoset, tumbili mdogo sana, hata akizeeka ubongo wake hauna mikunjo mingi, ndivyo alivyoumbwa.

Hatua ya 3: Hapa ndio watu huharibu. Ubongo wa kijusi ni mororo kama uji umeanza kushika, kwa hivyo utoe polepole, upime uzito saa hiyo hiyo, ukate kipande kidogo cha kupima virusi kiende frizani, alafu ndio fomalini, dawa ya kuhifadhi: sehemu 1 ya ile kali ya chupa kwa 9 za maji yenye bafa (chumvi za kuzuia asidi), na iwe mara 10 ya ubongo ama zaidi. Pitisha uzi chini ya ule mshipa wa basila, wa damu chini ya ubongo, uutundike uelee. Ukilala kwa sakafu ya ndoo unabonyea, na baada ya wiki 2 utaandika kasoro yenye umeunda wewe mwenyewe, na huyo mnyama atakuwa amekufa bure, hiyo inaniuma sana.

Hatua ya 4: Kata vipande vya nusu sentimita kutoka mbele, kisu kirefu, mvuto mmoja bila kurudi nyuma. Piga picha na rula. Angalia vyumba vya maji, vikiwa vimepanuka fuata kale kamfereji kati ya chumba cha 3 na cha 4, kakiziba maji hujaa juu na ukuta wa ubongo unakonda. Alafu korpasi kalosamu, daraja la pande mbili, ipo ama haipo?

Hatua ya 5: Tafuta sababu. Kwa mfano, virusi vya Zika: ilipatikana 1947 kwa rhesus hapo msituni karibu na Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu, na 2016 ikaonekana inaharibu ubongo wa kijusi cha tumbili. Kile kipande cha frizani ndicho kitajibu.

Kwa ripoti weka uzito, umri, upana wa vyumba kwa milimita. Kama huna kijusi kisicho na kasoro cha umri huo cha kulinganisha, andika tu "vyumba vimepanuka", usitaje ugonjwa.