Kuangalia shoo ya sarakasi iliyorekodiwa: usiiachie kamera ikuchagulie kila kitu

Watu wengi wakiweka shoo ya sarakasi ya jukwaani kwenye tivii au simu wanaboreka mapema, wanasema mbona hawa wanaruka tu, na mimi naona inatokana na kuiangalia kama muvi ya kawaida. Ukiwa ukumbini jicho linatembea lenyewe, juu, pembeni, kule nyuma, ila kwenye rekodi kuna mtu alishakaa akaediti akakuamulia uone nini na kwa sekunde ngapi. Kwa hiyo inabidi ukitafute mwenyewe kile kamera imekunyima, na inawezekana kabisa.

Anza na skrini. Shoo hizi zina giza jingi na taa za rangi, zima taa za chumbani, na kama una tivii achana na simu kabisa. Halafu ingia kwenye setingi utafute ile ya kulainisha mwendo wa picha, uizime. Ile inatunga picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga, ukiangalia taarifa ya habari huoni tatizo, ila mtu akipiga sarakasi tatu hewani mikono inakuwa na ukungu na miguu kama inayeyuka. Sauti nayo weka spika nzuri au hedifoni, maana shoo nyingi kubwa zina bendi inayopiga laivu na bendi ndo inamfuata mwanasarakasi, akichelewa kupanda utasikia wanarudia kile kipande mpaka awe tayari, na ngoma inagonga palepale miguu inapogusa chini. Kwenye spika ndogo ya simu hiyo yote inapotea.

Usihangaike na subtaito pia. Cirque du Soleil, lile kundi la sarakasi la Quebec kule Kanada lililoanza 1984, nyimbo zao nyingi ziko kwenye lugha ya kubuni, hakuna cha kutafsiri, hadithi inasomeka kwenye mavazi, mwili na wale wachekeshaji. Hawa hawa mwaka 2020 kumbi zilipofungwa kwa ajili ya korona waliweka vipindi vya dakika 60 YouTube bure, kwa mtu anayeanza urefu huo unatosha sana.

Mara ya kwanza iangalie yote bila kusimamisha, acha ikupeleke. Mara ya pili chagua kipande kimoja tu kilichokushtua, hapa ndo kwenye utamu.

Chukua mfano wa bembea za juu, zile alizozianzisha Mfaransa Jules Léotard pale Paris mwaka 1859. Kila mtu anamwangalia anayeruka, wewe mwangalie mdakaji, yule anayening'inia kichwa chini. Utaona ameanza kubembea mapema, mwenzake bado amesimama kwenye kijukwaa, kwa sababu lazima wafike sehemu moja kwa wakati mmoja. Mrukaji anaachia karibu na pale bembea inapofika mwisho wa kupanda, anajikunja magoti kifuani ili azunguke haraka, halafu anajinyoosha, kasi ya kuzunguka inapungua, ndo mikono inatoka kumtafuta mwenzake. Sasa simamisha picha wanaposhikana. Hawashikani viganja, kila mmoja amemkamata mwenzake kwenye kifundo cha mkono, kwa hiyo wa kwanza akiteleza bado wa pili kashika. Na lile vumbi jeupe linaloruka hapo ni chaki ya kukausha jasho. Mimi sichoki kabisa kuirudia hii sehemu.

Kitu kingine kamera inachokuibia ni kimo. Ikivuta picha kutoka mbali umbali unabanwa, mtu aliye juu sana anaonekana yupo hapo tu, kwa hiyo subiri picha pana halafu upime kwa miili ya watu. Mabega ya mtu mzima yako kama mita 1.4 kutoka chini, basi watu watatu wakisimama mabegani kwa kupandana, kichwa cha wa juu kiko kwenye mita 4.5 hivi, na kuna mtu anarushwa na ubao wenzake wanaporukia upande wake wa pili, anapinduka hewani, anatua juu ya hao watatu. Ukishapiga hiyo hesabu huwezi tena kusema wanaruka tu.

Angalia pia watu walio gizani. Yule mhusika aliyevaa joho amesimama pembeni kama pambo, mcheki mikono, mara nyingine ndiye ameshika kamba ya usalama inayokwenda mpaka kwenye mkanda wa anayeruka, analegeza na kuvuta huku bado anaigiza. Wengine wamenyanyua mikono kidogo pembeni ya mkeka, tayari kupunguza kishindo mtu akitua vibaya.

Kuhusu kuediti, rekodi nyingi zimeunganishwa kutoka maonyesho zaidi ya moja, kwa hiyo picha ikikatwa mtu akiwa bado hewani usiikasirikie sana, ila pale ambapo kamera inatulia kuanzia anaporuka mpaka anatua bila kukatwa, hapo rudia, maana umeona kitu kizima kama kilivyofanyika. Spidi ya nusu itumie baada ya kuona spidi ya kawaida kwanza, ukianza na polepole unakosa kujua muda aliokuwa nao ni mfupi kiasi gani.

Na kama unaangalia na watoto waambie mapema kabisa wasijaribu kuning'inia kwenye shuka au kamba nyumbani. Mwanasarakasi akiporomoka kwenye kile kitambaa kirefu kinachoning'inizwa juu halafu akasimama ghafla, ile sehemu kilipofungwa inavutwa kwa nguvu mara kadhaa ya uzito wake, jukwaani kuna mafundi wanaikagua kila shoo, paa la nyumba halikujengwa kwa kazi hiyo.