Jinsi ya kuomba leseni ya kupiga muziki kwenye baa, klabu au ukumbi

Mkaguzi akiingia baani saa mbili usiku akaulizia leseni ya muziki, usihangaike kumtafutia risiti ya nyimbo ulizonunua wala malipo yako ya mwezi ya Spotify. Havitakuokoa. Anayenunua wimbo amenunua nakala ya kusikiliza mwenyewe. Kuupiga mbele ya wateja ni haki nyingine kabisa, na hiyo bado iko kwa waliotunga na waliorekodi. Spotify wenyewe wameandika kwenye masharti yao kwamba huduma ni ya matumizi binafsi, si ya biashara.

Ugomvi huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alikuwa ameketi katika mkahawa mmoja wa Paris, akasikia kazi yake inapigwa. Bili ilipokuja akakataa kulipa: kama nyinyi hamnilipi muziki wangu, nami silipi kinywaji chenu. Walifika mahakamani, Bourget akashinda, na mwaka 1851 ikaundwa SACEM, chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi kila kazi yao inapotumika, ambacho kipo hadi leo. Vyama vingi vya namna hiyo duniani vimefuata njia ile ile.

Hatua ya kwanza: jua una milango mingapi ya kubisha

Wimbo mmoja una wenyewe wa aina mbili. Wako waliotunga maneno na muziki, pamoja na wachapishaji wao. Hao wanalindwa na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886. Wako pia walioimba, waliopiga ala na mtayarishaji aliyegharamia kurekodi. Hao wamo katika Mkataba wa Roma wa mwaka 1961. Ukipiga nyimbo zilizorekodiwa, katika nchi nyingi unadaiwa na pande zote mbili. Bendi ikipiga jukwaani bila kutumia rekodi, hao wa pili hawana cha kukudai, wanabaki watunzi.

Idadi ya milango, yaani vyama vya kulipa, inategemea nchi. Uingereza PRS for Music inawakilisha watunzi na PPL inawakilisha wenye rekodi, lakini tangu 2018 wanakusanya kupitia kampuni moja na leseni moja. Kenya kwa miaka mingi ilikuwa na vyombo vitatu: MCSK cha watunzi, KAMP cha watayarishaji na PRISK cha wasanii, huku KECOBO ikiwa msimamizi anayetoa vibali kwa vyombo hivyo. Marekani mambo yamegeuzwa: mwenye rekodi hana haki ya kuidai baa inayopiga santuri, ila watunzi wametawanyika katika vyama vya ASCAP, BMI, SESAC na GMR, kwa hiyo leseni ya chama kimoja haikufikishi mbali.

Kwa hiyo usianzie kwa wakala wa kwanza atakayebisha hodi. Anzia ofisi ya hakimiliki ya nchi yako, uombe orodha ya vyama vyenye kibali halali cha mwaka huu. Vyama hufutiwa vibali, huungana, hugombana mahakamani. Aliyekuuzia leseni mwaka jana huenda leo hana mamlaka nayo.

Hatua ya pili: pima mahali pako kabla hawajaja kukupimia

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na si kwa sababu ya ushuru mkali, bali kwa sababu mwenye baa hujaza fomu kwa kukisia. Bei hutoka kwenye jedwali la viwango lililochapishwa. Lisome kwanza. Utakuta wanaangalia ukubwa wa eneo au idadi ya watu wanaoweza kuingia, siku na saa za muziki, kama kuna kiingilio, kama watu wanacheza, na chanzo cha muziki: redio, runinga, santuri, DJ au bendi.

Chukua futi kamba upime sehemu wanakokaa wateja. Stoo, jiko na ofisi havihesabiwi pale ambapo kiwango kinataja eneo la wateja, lakini usipovitoa mwenyewe hakuna atakayekutolea. Kisha tenganisha muziki wa chinichini na muziki wa kuchezwa. Ukumbi unaopiga nyimbo taratibu wiki nzima na kuwa na DJ Ijumaa na Jumamosi tu usiandikwe kama klabu ya siku saba. Andika usiku mbili kwa wiki, utaje na saa. Tofauti ya ada yaweza kuwa kubwa mno.

Usidanganye kushuka, hata hivyo. Matangazo yako ya mitandaoni yenye picha za DJ na bei ya kiingilio ndiyo ushahidi wa kwanza wanaoutafuta.

Ulizia pia misamaha, na uisome hadi mwisho. Marekani, kwa mfano, baa au mkahawa wenye chini ya futi za mraba 3,750 unaweza kusamehewa, lakini kwa matangazo ya redio na runinga peke yake, na wateja wasitozwe pesa kuyasikiliza. Ukichomeka fleshi yako ya nyimbo kwenye spika, msamaha umekwisha.

Hatua ya tatu: fomu

Fomu yenyewe ni fupi. Andaa jina la biashara kama lilivyosajiliwa, leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, anwani ya ukumbi, vipimo ulivyochukua na tarehe uliyoanza kupiga muziki. Kuwa mwangalifu na hiyo tarehe, maana ndiyo inayotumika kudai malimbikizo. Mwenye matawi matatu aombe kwa kila tawi. Tamasha la siku moja huombewa kibali chake, mara nyingi kwa kukadiria mapato ya viingilio, kisha hesabu kamili inapelekwa baada ya onyesho.

Omba kabla muziki haujaanza. Vipo vyama vinavyotoza zaidi mtu aliyekamatwa kuliko aliyejileta.

Hatua ya nne: ankara, malipo, cheti

Ankara ikifika, ilinganishe na jedwali mstari kwa mstari. Ukiona wamekuweka daraja lisilo lako, andika pingamizi lenye vipimo na picha. Usinyamaze ukidhani watasahau. Lipa kwenye akaunti ya chama, kamwe si mkononi mwa mkaguzi. Cheti kikitoka, kibandike karibu na kaunta, na mameneja wa zamu wajue kilipo, kwa kuwa mkaguzi hafiki wakati mwenye mali yupo.

DJ analipa nini?

Kwa kawaida ada ya kupiga muziki hadharani ni ya mwenye ukumbi au promota aliyeandaa shughuli. Kwa DJ aliyeajiriwa kwa usiku mmoja, mzigo huo si wake. Lakini mkataba ukisema DJ "atashughulikia vibali vyote," mzigo umehamia kwake kimyakimya, kwa hiyo soma kabla hujatia saini. DJ anayekodi ukumbi na kuuza tiketi mwenyewe amekuwa promota, alipe.

Jambo la pili ni kunakili. Kuhamisha nyimbo kutoka santuri hadi kompyuta ili uzipige kazini ni haki ya kunakili, na baadhi ya nchi zina leseni yake kwa maDJ: Italia, kwa mfano, inatolewa na SIAE, chama cha watunzi cha huko. Huko DJ huibeba yake, hata kama ukumbi umelipa kila kitu.

Orodha ya nyimbo na kuhuisha leseni

Chama kikiomba orodha ya nyimbo zilizopigwa, ipeleke. Programu nyingi za kuchezea muziki huhifadhi historia ya usiku mzima, ni kuipakua tu. Bila orodha, fedha zako hugawanywa kwa kufuata takwimu za redio na makadirio, na msanii chipukizi ambaye umempiga mwezi mzima anaambulia patupu.

Leseni nyingi ni za mwaka mmoja, na nyingine hujihuisha zenyewe. Ukipunguza usiku wa DJ au ukibomoa upande mmoja wa ukumbi, toa taarifa kabla ya ankara mpya. Ukifunga biashara au ukiacha muziki, andika barua ya kusitisha na uhifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Vinginevyo deni litaendelea kukua kwa jina la baa ambayo milango yake imeshafungwa.