Waya wa banda la kuku huku pwani: pima tundu kwanza

Waya unaomzuia kuku asitoke si lazima umzuie mwizi asiingie. Hilo nililijua hapa Ganda, Malindi, asubuhi nilipokuta vifaranga 19 wamelala bila vichwa. Waya ulikuwa mzima, haukukatwa popote. Paka shume alisimama nje, akapitisha mkono tunduni, akawavuta mmoja mmoja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni tundu. Vifaranga wanataka nusu inchi, basi. Kuku wakubwa, inchi 1. Ule waya wa pembe sita wa inchi 2 unafaa kugawa uwanja wa mchana tu, maana panya na nyoka hupita bila shida.

Hatua ya pili, unene. Namba ya geji huenda kinyume: ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Geji 16 ni kama milimita 1.6, geji 20 haifiki milimita 1, na mbwa akiamua ataichana. Kuanzia chini hadi futi 3 weka weldimeshi (waya wa miraba uliochomelewa kwenye maungio) ya geji 16, kisha malizia juu kwa waya wa kuku wa bei nafuu. Paa usiliache wazi. Kunguru wa hapa mjini hubeba kifaranga mchana kweupe. Hata wavu mkuukuu wa uvuvi utasaidia.

Hatua ya tatu ndiyo inayotutenga na wenzetu wa bara. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huila zinki, kisha chuma. Kuna waya uliochovywa kwenye zinki kabla ya kuchomelewa, na kuna uliochovywa baada. Muuzaji asipojua, tazama maungio mwenyewe. Yakiwa yamefunikwa zinki nene, umechovywa baada. Yakiwa na alama za moto, zinki imeungua pale, na kutu itaanzia papo hapo. Huo uliochovywa baada ni ghali, lakini ngoja mwezi mmoja zaidi uununue. Mimi sirudii tena ule mwingine.

Kufunga: nguzo za mvinje, misumari ya U kila shubiri moja. Waya ukae upande wa nje wa nguzo, ili mnyama akisukuma aukandamize kwenye nguzo badala ya kuung'oa.

MASWALI

Swali (Shela, Lamu): Kaka, kwetu ni mchanga mtupu. Niufukie waya futi ngapi?

Jibu: Usiufukie, dadangu. Mchanga wenye chumvi utaumaliza. Ulaze juu ya ardhi kuelekea nje, upana wa futi 1 na nusu, uugandamize kwa mawe ya matumbawe. Mnyama huchimba penye ukuta. Akikuta waya chini ya kucha, huacha.

Swali (Mokowe): Ninao tayari waya wa inchi 2, banda zima. Niutupe?

Jibu: La, mama. Uache, uzungushie wa nusu inchi kwa nje hadi usawa wa kiuno.

Swali (Malindi): Na sakafu ya kizimba cha kuku wa mayai?

Jibu: Hapo nusu inchi haifai, kinyesi kitaziba. Tumia inchi 1, geji 14, kwa kuwa waya mwembamba huwaumiza nyayo. Waya mpya usugue kwa siki na brashi, kisha usuuze: kuku hudonoa vipande vya zinki vilivyolegea, na zinki ni sumu kwao.